Gonoleki wa Dunga: unalipia masikio ya mtu, boti ni ya kukubeba tu

Niseme mapema ili asiyetaka stori ndefu aende zake: hii tripu ya asubuhi ya kuangalia ndege pale Dunga, Kisumu, naipa nyota nne kwa tano, na hiyo moja niliyokata nitaieleza huko mbele. Kama unamtafuta gonoleki wa mafunjo (ndege wa kinamasi, mweusi mwenye kifua chekundu) na uko tayari kukaa kimya kwenye boti mpaka makalio yafe ganzi, nenda. Kama unataka picha ya haraka ya kuweka stetasi halafu ukale samaki, samaki wapo, anzia hapo tu, usimsumbue mtu wa ndege.

Ukiwaambia watu unaenda kuangalia ndege, wengi akili inaenda kwa flamingo. Mimi ni mtu wa Nakuru, nimekulia kwa hizo mambo, unashusha kioo cha gari na ndege ndio hao, ziwa zima pinki (siku hizi maji yalivyopanda wengi walihamia Bogoria lakini hiyo ni stori ya siku nyingine). Wengine wanafikiria msitu wa Kakamega, na Kakamega ni kuzuri, sikatai, yule turako mkubwa wa bluu akitua kwenye tawi hata mtoto wa nasari atakuonyesha, unachoumia ni shingo tu.

Gonoleki wa mafunjo ni kesi nyingine kabisa. Huyu anaishi ndani ya mafunjo, si karibu na mafunjo, NDANI, na mafunjo ya Dunga yakishiba yanapita kimo cha watu wawili wakipandana. Nje ya vinamasi vya aina hiyo humpati. Kenya yote yuko huku tu kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, Dunga, Kusa, Koguta, Yala, Sio Port, ukitoka hapo vuka Uganda ama ushuke Rwanda na Burundi ukamtafute huko. Na ni ndege wa kukushtua ukimwona, mgongo mweusi, mstari mweupe kwenye bawa, kifua chekundu kinachowaka, halafu utosi wa manjano ya dhahabu juu ya uso mweusi. Unajiuliza ndege wa rangi zote hizo anajifichaje. Anajificha vizuri sana, asante, utakaa mita nne kutoka alipo akikupigia kelele na usione hata unyoya.

Sasa hapo ndipo mabroka wanapopata chakula chao. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu, ambaye amekuwa akiandika ndege kwenye daftari tangu mimi niko praimari, alishawahi kuja Kisumu peke yake na kuchukuliwa na kijana mmoja aliyejiita mtaalamu. Hawakufika hata kwenye maji. Alipelekwa kwenye kichaka kando ya barabara akaonyeshwa ndege mweusi mwenye kifua chekundu, akaambiwa ndiye huyo mzee, lipa. Kumbe ni gonoleki kichwa-cheusi, na huyo Kisumu amejaa tele, anaingia hadi kwenye nyua za watu huko Milimani. Kwa mbali ni kweli wanafanana lakini huyo utosi wake ni mweusi ti, bawani hana mstari mweupe, na jicho lake ni la njano, lakini yule wa mafunjo jicho lake ni jeupe-jeupe. Mjomba akamwambia kijana, huyu nimemwona asubuhi kwenye kamba ya nguo pale nilipolala. Kijana akajibu, "Lakini mzee si ni mwekundu?"

Kwa hivyo safari hii mjomba aliponiambia twende wote nilikataa kwenda kwa kubahatisha, nikaulizia kwanza. Mwalimu mwenzake wa zamani anayeishi Nyalenda akatupa namba ya jamaa aliyekuwa mvuvi zamani na sasa anatembeza watu wa ndege. Nilipompigia, kabla hata hajataja pesa aliniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu wa utalii: mnataka kumwona ama mnataka kumpiga picha? Nikamuuliza tofauti ni gani. Akasema kumwona tutajaribu na mara nyingi tunafaulu, picha siahidi mtu, na kama mnakuja na spika ya kumwita basi tafuteni mtu mwingine, mimi hiyo sifanyi. Nikaona huyu sawa. Tukaelewana elfu nne ya boti na mwendeshaji, elfu mbili yake yeye, nusu nikatuma kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo, na akasema wazi kwamba ikinyesha tunasogeza siku lakini pesa harudishi. Mimi napenda mtu anayekwambia mabaya kabla hujatuma.

Kufika si shida. Kutoka tauni unapita Impala Sanctuary, ile ya KWS (shirika la wanyamapori), unaendelea na barabara ya Dunga mpaka inaishia bichi, boda au tuktuk zote zinafika. Shida ni saa. Yule jamaa alitaka tuwe pale saa kumi na mbili kasoro, giza bado, na saa hiyo tuktuk za kuokota barabarani hakuna, kwa hivyo ongea na mtu wako wa boda usiku na umwambie ukweli kwamba ni saa kumi na moja na nusu, usimwambie "asubuhi" kwa sababu asubuhi ya mtu wa boda na asubuhi ya ndege ni vitu viwili.

Pale bichi tulikuta boti za omena (dagaa wa ziwa) zinarudi, wavuvi wanazima taa zao, kina mama wamejipanga na mabeseni wanabishana bei, na makorongo wale wakubwa wenye vipara wamesimama katikati ya watu kana kwamba nao wametumwa na mtu kununua. Hiyo peke yake ningeilipia. Na hapo ndipo ile nyota yangu moja ilipoondokea, kwa sababu choo kilikuwa kimefungwa na mwenye funguo hakuwa amefika. Nyinyi mnaochukua pesa za watu waje saa kumi na mbili kasoro, tena wazee, funguo ya choo inafaa iwe mfukoni mwa mtu aliye pale saa kumi na mbili kasoro. Mjomba aliishia kuomba kwa mama mmoja wa hoteli akasaidiwa, Mungu ambariki yule mama, lakini ni aibu ndogo ambayo ingeepukika.

Boti ni ya mbao, ile ya kawaida ya ziwa, imepigwa rangi vizuri na haikuwa inavuja, jaketi za kuelea zilikuwepo za watu wote na mwongozaji hakung'oa nanga mpaka mjomba akafunga yake kamba zote tatu. Darubini wanakodisha, mia tano, lakini nakushauri uje na yako. Niliyopewa mimi jicho moja lilikuwa na ukungu ndani ya kioo, si uchafu wa kupangusa, ni ule ukungu wa ndani, nikawa naona dunia nusu. Nilimrudishia na hakunitoza, basi tukashiriki ya mjomba na hiyo nayo ilileta ugomvi wake.

Tulienda na injini kama dakika kumi hivi tukifuata ukingo, kisha mwendeshaji akazima na kushika upondo, na kuanzia hapo ilikuwa kusukumwa polepole kwenye mfereji mwembamba ulioingia ndani ya mafunjo. Hapo ndipo unaelewa pesa yako imeenda wapi. Mimi nilikuwa nasikia kelele tu, kelele moja kubwa ya ndege na vyura. Yeye alikuwa anaitenganisha. Anasema kwa sauti ya chini, bila kunyoosha kidole wala nini, huyo kushoto ni kisticola wa Karuthasi, huyo nyuma yake ni kale kandege kanakoitwa kucha wa kinamasi, mwenye mabawa meupe, ule mlio kama mpira unaodunda halafu unaongeza mwendo ni yeye, huyo wa juu ni mnana tu mwacheni. Kisha baada ya kama dakika mbili mmoja wao anajitokeza kwenye kichwa cha funjo na ni yule yule aliyemtaja. Mjomba alikuwa anatingisha kichwa tu. Anajua ndege kwa macho, kwa masikio anaibahatisha, na alikiri mwenyewe kwamba kinamasi hakina nafasi ya macho.

Njiani tuliona wengi wa bure, wale wasiotafutwa. Mdiria mweusi na mweupe akining'inia hewani juu ya maji kisha anajitupa, mnandi wamekaa kwenye miti ya nyavu wanakausha mabawa, sile-maua akitembea juu ya magugu-maji na yale madole yake marefu, fundichuma, yangeyange, furukombe wawili wanaitana, na yule chozi mwenye kifua chekundu anayependa huku ukingoni mwa ziwa. Mimi ningeridhika na hao. Lakini mjomba alikuwa amefunga daftari, kwake yeye hiyo ilikuwa nauli.

Gonoleki tulimsikia kabla jua halijapanda vizuri. Huwa wanaimba wawili, dume na jike, mmoja anapiga kama filimbi nzito ya haraka na kabla hajamaliza mwenzake anamdaka kwa mkwaruzo, na wanapangana hivi kwamba mtu asiyejua ataapa ni ndege mmoja. Mwongozaji alimwashiria mtu wa upondo asimame, akachomeka upondo kwenye tope ili boti isiyumbe, akatuambia simu zima, si kuweka kimya, zima, ile mitetemo inasikika kwenye mbao. Tukakaa.

Tukakaa sana. Sitaki kuwadanganya, kuna wakati nilianza kuhesabu nyavu za buibui. Mafunjo yanatingika hapa, unageuka, ni mnana. Yanatingika pale, ni upepo. Wale wawili wanaimba tena, wako pale pale, wamesogea kidogo kulia, hawaonekani. Mbu walikuwa wanafanya kazi yao bila haraka. Maji huruhusiwi kugusa kwa sababu ya kichocho, na hilo alituambia mwanzoni kabisa, usiweke mguu wala mkono, na wala usijidanganye kwamba kiboko hayupo.

Halafu ikaja boti nyingine. Wamejaa vijana watano sita wenye kamera za maana, lenzi ndefu, na mwongozaji wao ana spika ya blutuu ananing'iniza kwenye kidole. Wakasimama mbele yetu kidogo, akabonyeza, wimbo wa gonoleki ukatoka kwa sauti ambayo hata Hippo Point walisikia. Haikuchukua muda wowote. Ndege alitoka! Sisi kutoka upande wetu tuliona mafunjo tu yakirukaruka lakini wao walikuwa wanamwona, tulisikia kamera zikigonga tatatata, mmoja akapiga kelele ya furaha. Nitakuwa muongo nikisema sikuwaonea wivu. Nilimtazama mwongozaji wetu kwa jicho la "na sisi je?" na mjomba naye, Mwalimu mwenye msimamo wa chuma, nilimwona anatazama ile spika.

Jamaa wetu hakuhubiri. Alingoja wale waondoke kisha akatueleza kwa ufupi. Dume anaposikia wimbo wa dume mwingine ndani ya eneo lake anajua amevamiwa, anaacha chochote alichokuwa anafanya, kula, kulinda kiota, anakuja kupigana. Anatafuta adui haoni adui. Spika inazidi. Ukifanya mara moja labda si kitu lakini huu mfereji ni mmoja, unaingilika, kila boti inakuja hapa hapa, na hawa wawili ndio wale wale wanaoitwa kila wikendi. Akasema kuna jozi nyingine alikuwa anaijua karibu na pale boti zinapoegeshwa, watu waliichezea wimbo sana mpaka ikaacha kujibu, na sasa hivi hata hajui kama ipo. Mjomba akasema "tungoje." Tukangoja.

Na hapa ndipo nataka mtu anayefikiria kulipa aelewe vizuri. Yule mwenye spika anakuuzia spika, na spika unaweza kuinunua mwenyewe. Huyu anakuuzia miaka aliyoilala kwenye boti akivua usiku na kusikiliza kinamasi kikiamka kila siku. Hawezi kukuharakishia. Anachoweza ni kujua ndege atatokea wapi, na kukuweka hapo kabla hajatokea.

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Baada ya ndege kutulia walianza tena kuimba, chini chini, na yeye akasikiliza kidogo akamwambia mtu wa upondo aturudishe nyuma. Nyuma! Mimi nikafikiri tumeshindwa tunaondoka. Kumbe kulikuwa na mahali mafunjo yamekatwa na wasusi wa mikeka, pamebaki uwazi mwembamba kati ya mafunjo marefu na yale yanayochipuka, na akasema wakishaimba pale watavuka hapa kwenda kutafuta wadudu, wanaruka chini, tazameni goti la funjo msitazame kichwa. Sisi wote tulikuwa tunatazama juu asubuhi nzima.

Akatokea chini, karibu na maji. Kwanza shina moja likainama kwa uzito ambao si wa mnana, kisha kichwa. Ule utosi wa manjano si wa manjano ya limau, ni wa manjano ya embe lililoiva, na umekatika ghafla pale uso mweusi unapoanzia kana kwamba mtu amepiga rula. Alishika shina kwa ubavu, mguu mmoja juu mmoja chini, akang'oa kitu kwenye ganda la shina, akakigonga mara mbili, akameza. Mstari mweupe wa bawa tuliuona bila darubini. Jike akapita nyuma yake, tukaona wekundu tu ukikata ule uwazi. Yeye akatutazama na lile jicho jeupe, akashuka kwenye mashina, basi, kwisha. Inawezekana haikufika nusu dakika. Picha yangu ni ya mafunjo mazuri sana yenye kitu cheusi pembeni na sijali.

Mjomba hakusema kitu, alifungua daftari akaandika, na baada ya kuandika akalipitisha kwa mwongozaji aweke sahihi yake kama shahidi. Sijawahi kumwona akimfanyia mtu hivyo.

Kulikuwa na ndege wa pili kwenye orodha, yule kucha wa njano wa mafunjo, na huyo ndiye mgumu kuliko wote, mdogo, rangi yake ni ya kinamasi chenyewe, hapigi kelele nyingi, na anapenda mafunjo yaliyokomaa yasiyosumbuliwa. Kenya yuko huku kwetu ziwani tu na si kila kinamasi. Hatukumwona. Kuna mahali mwongozaji aliinua kidole, tukaganda wote, mjomba tayari ana kalamu. Akasikiliza muda mrefu, tena sana, kisha akashusha kidole akasema si yeye, ni kucha mwingine wa kawaida. Angesema "ndiye huyo mmemsikia" tungeandika, tungelipa, tungeongeza na bakshishi, na hakuna mtu duniani angejua. Hiyo "si yeye" ndiyo iliyonifanya nikae nikaandika haya yote.

Tulivyokuwa tunarudi nilimuuliza kuhusu mafunjo yenyewe maana kuna upande yamenyauka na upande mwingine kuna weusi wa moto. Hakulaumu wakataji. Alisema mamake mwenyewe alisomesha watoto kwa mikeka na vikapu vya mafunjo, na mafunjo yakikatwa vizuri yanachipuka tena, tena ule uwazi tuliomwonea ndege uliachwa na wasusi. Kinachoumiza ni kuchoma ili kupanda mboga na nduma, kwa sababu hapo hakuna kinachorudi. Na maji, mwaka wa 2020 ziwa lilipopanda vile, bichi nzima iliingiliwa, na kuna mafunjo yaling'oka yakaelea kama visiwa. Magugu-maji nayo yana siku zake, upepo ukiyasukuma upande huu mfereji unaziba na hakuna boti inayoingia, si ya ndege si ya omena, kwa hivyo kabla hujatoka kwako muulize hali ya magugu. Sisi tulibahatika, tuliyapita kwa pembeni, mizizi yake ilikuwa inashikwa na upondo na kila ukiinuliwa unatoka umevaa ndevu.

Mimi nilitegemea hapa ni mahali pa serikali, kuna geti na tiketi, lakini kinamasi hiki si hifadhi ya KWS, ni cha jamii inayokaa pale, na wanaokilinda ni wao wenyewe wakijisikia. Kwa hivyo nikiona mtu analalamika kwamba elfu sita ni nyingi kwa ndege mmoja wa nusu dakika, namwelewa, mfuko ni mfuko, lakini mkiwa wanne mnagawana na inatoka elfu moja mia tano kila mtu, chini ya bei ya gauni zuri la mtumba. Msizidi wanne tu. Boti inabeba zaidi ila mtu wa tano ndiye huwa anakohoa.

Chakula sitakiandika sana kwa sababu kila mtu anajua samaki wa Dunga. Tulikula kwa yule mama aliyemsaidia mjomba na choo, ngege wa wet-frai, ugali wa mahindi kwa mjomba, wa wimbi kwangu, na osuga (mnavu) iliyotiwa maziwa ambayo bado naiwaza. Kosa ni kwamba samaki anaanza kupikwa ukishaagiza, kwa hivyo kama una gari la kurudi Nakuru mchana mwambie kabla hujaingia majini, utakuta anakaribia kuiva. Sisi tulichelewa gari kwa ajili ya samaki na tukapanda lingine Kondele, lile la kusimama kila kijiji mpaka Ahero, Awasi, halafu mlima wa Kericho na mvua yake.

Vitu vya kubeba: nguo za rangi ya majani au kahawia, si nyekundu kama niliyomwona mmoja wa ile boti ya spika, kofia, dawa ya mbu, maji ya kunywa, sweta jepesi kwa sababu ziwa saa hiyo ni baridi kuliko unavyodhani ukiwaza Kisumu, na darubini yako. Msimu sioni kama ni tatizo kwa sababu gonoleki haendi popote, anakaa hapo mwaka mzima, ila mchana usijaribu, upepo wa ziwa ukianza mafunjo yote yanatingika na hata masikio ya mwongozaji yanakuwa ya kawaida. Na wenye watoto wadogo, hapana, waleteni waje kula samaki tu.

Namba ya mwongozaji wetu siiweki hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Ukifika Dunga usikubali wa kwanza anayekukimbilia ukishuka boda. Nenda pale boti zinapoegeshwa, uliza mtu wa ndege, halafu huyo utakayeletewa muulize utosi wa gonoleki wa mafunjo ni rangi gani na kama ana spika. Akikosea la kwanza ama akijisifu kwa la pili, agiza samaki. Sisi wenyewe mjomba ashamtumia mwongozaji wetu depo nyingine kwa ajili ya yule kucha wa njano, kabla hata hatujafika Kericho, na choo nimeambiwa sasa funguo iko kwa huyo mwongozaji.